Dada Aliyekunja Mkono wa Gauni

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake wa mwisho nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Pasi, na nitajitahidi nisirefushe, maana yeye hakupenda hotuba ndefu isipokuwa iwe yake.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya watano wa fundi viatu, akasoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, akafaulu vizuri, lakini baba alipougua aliacha masomo ili wadogo zake tusome. Tarehe 10 Januari 1979 aliajiriwa kupiga pasi katika kiwanda kikubwa cha kufulia mashuka ya hospitali, na tarehe 20 Desemba 1983 akafunga ndoa na dereva wa gari la mashuka, shemeji yetu aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu sita.

Tarehe 17 Juni 1992 aliungua mkono wa kulia kwa mvuke wa mashine mbovu, ikaandikwa katika daftari la ajali kwamba aliungulia nyumbani akiinjika chai, na kwa miaka kumi alivaa gauni la mikono mirefu hata jua likiwa kali.

Mwaka 2002 aliitisha mkutano wa kwanza wa kudai mashine salama, akaja na madai kumi na mawili kwenye karatasi, na kusema kweli mkutano uliharibika, wapiga pasi wakiwalaumu wafuaji, wafuaji wakidai wapiga pasi wanajiona, hadi dada akaiweka karatasi chini, akakunja mkono wa gauni, akasimulia alivyoungua na alivyoukubali uongo ule kwa hofu ya kufukuzwa. Mfuaji aliyekuwa akimpigia kelele kuliko wote akatoa mikono mifukoni, akaonyesha vidole vilivyoliwa na dawa za kufulia, na watu waliokuwa wakinuniana wakaanza kutembeleana majumbani. Wakaweka desturi kwamba ajenda haifunguliwi kabla mtu mmoja hajasimulia lililompata, na kwamba huruhusiwi kusimulia la mwenzako kama lako hujalisema. Kufikia 2005 mashine zote zilikuwa zimebadilishwa.

Alianza kuugua mapafu Agosti 2022, akalazwa mara tatu, akafariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Mei 2023, shemeji akiwa ameushika mkono ule wa kulia. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake, na majirani waliopokezana kumfulia, ingawa alilalamika kwamba hakuna hata mmoja wenu ajuaye kukunja shuka.

Nimewasomea ya dada, na kwa desturi yao sikuwa na ruhusa. Karani aliyeandika katika daftari lile ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, kazi nilitafutiwa na yeye, msimamizi akaniamuru, nami nikaandika kwa mwandiko wa shule aliyonisomesha yeye. Siku ya mkutano nilikaa nyuma kabisa, akaniona, hakunitaja, wala hakunitaja kwa miaka ishirini na moja, aliniambia tu kwamba kila mtu husimulia lake siku akiwa tayari.

Nisamehe, dada, nimechelewa. Sasa pumzika, la kwangu nimelisema.