Usininenepeshe Mashavu

Haya, sogeeni. Wewe Kelele, mdogo wangu wa mwisho, leo funga mdomo, iwe mara ya kwanza tangu mkunga akupige kofi la kuzaliwa, ukae kwenye kona hiyo ambako hutamzibia dada yako mwanga. Na wewe Bi Mashaka, usiache kuchora hata nikisema jambo la kukuliza, lia huku mkono unakwenda, ila machozi yasidondokee karatasi, maana hiyo ni karatasi nzuri na wewe machozi yako ni mazito kama ya ndovu. Najua wosia hutolewa na mzee mwenye mvi na mkongojo, watu wakaitwa wakakaa wakikohoa kwa heshima. Mvi mimi sijazipata, na kwa jinsi moyo huu unavyopiga, kama mgeni anayebisha mlango asiokuwa na hakika nao, sitazipata. Lakini tangu mama atutoke, mzee wa nyumba hii ni mimi, nimewafunga kamba za viatu nyote wawili, nimewapangusa pua nyote wawili, kwa hiyo leo niiteni babu mkitaka, mradi mnisikilize.

Shangazi, nakusikia huko jikoni unavuta kamasi ukijifanya unakata vitunguu. Vitunguu viliisha juzi. Njoo ukae na sisi.

Daktari aliwatoa nje kuwaambia, akidhani kwamba nikiwa kitandani sioni. Masikini ya Mungu, amesahau kazi yangu. Aliporudi nilimtazama uso mara moja tu: ule mkunjo wa kando ya mdomo uliokuwa ukipanda kila akinitania ulikuwa umelala, na macho yake yalitua kwenye paji la uso wangu badala ya kunitazama machoni. Nikajua. Nikamwambia, daktari, una sura nzuri ya kuchora lakini ya kudanganyia huna. Akacheka, kisha akatoka haraka. Mshukuruni kwa niaba yangu, ni mtu mwema, na shingo yake ile ndefu msiache kuichora siku moja.

Sasa nianze na mali, maana nawajua. Chumba chetu cha kazi kile, kilichokuwa cha kinyozi kabla yetu, vyote vilivyomo mnavijua: kiti cha kinyozi kinachozunguka na kulia kama paka aliyekanyagwa mkia, kile kioo kikubwa chenye ufa kwenye pembe, meza, penseli zangu kuanzia ngumu ya kuchora mistari hadi ile laini nyeusi tii ya nywele na mboni, kisu changu cha kuchongea ambacho shangazi anasema ni chake na kweli ni chake, na raba zangu, pamoja na ile niliyoikata pembe ikawa nyembamba kama ukucha. Kelele, wewe nakuachia kaunta, na mdomo wako, ambao ndio ulioleta nusu ya wateja. Mtu alikuwa akipita kununua dawa ya meno, wewe ukimwambia sura yake ni ya kihistoria, anajikuta amekaa kwenye kiti. Endelea hivyo hivyo. Shangazi, redio ni yako na kitanda hiki ni chako, ukigeuze upande uutakao.

Kiti, meza na penseli ni vya Bi Mashaka. Lakini kwa sharti, na sharti lenyewe mnaliona, liko mapajani mwake. Amalize kuchora uso wangu huu, na aumalize nikiwa bado na macho ya kuutazama.

Usinikodolee. Nasema wazi mbele ya mashahidi. Wewe, dada, una mkono mzuri kupita wangu, na unajua kwamba mtu kama mimi hasemi maneno hayo mpaka awe anakufa. Tangu ulipoanza kukaa kando ya meza yangu hujamaliza uso hata mmoja. Unachora, unafuta, unachora, unafuta, karatasi inatoa manyoya kama kifaranga, halafu unaniambia, "Kaka, malizia wewe." Nani atakumalizia wiki ijayo? Ukishindwa leo, kiti kiende kwa mchora mabango ng'ambo ya barabara, na mimi nitarudi nikizungushe usiku kucha kikilia, asilale mtu.

Ile ya asubuhi nimeikataa, na sababu nikakwambia, ila narudia ili Kelele naye asikie. Ulinichora na mashavu. Mashavu hayo umeyatoa wapi? Mimi mashavu yaliniaga zamani! Ulikuwa unamchora kaka yako unayemjua, yule aliyekuwa akikubeba mabegani, wakati aliyelala mbele yako ni huyu hapa. Hilo ndilo kosa la kazi yetu, dada, wala si mistari kupinda: jicho linachoka kutazama, kumbukumbu inapokea penseli. Ndiyo maana watu wanachora kope kama meno ya kitana, wanachora jino mojamoja kama wanajenga ukuta, wanaacha weupe wa jicho mweupe pe, kama yai lililomenywa. Tazama vizuri. Weupe wa jicho langu si mweupe, una kivuli cha kope juu yake, na leo una umanjano pia. Tazama shimo hili chini ya mfupa wa shavu. Litie kivuli. Usininenepeshe mashavu. Kuninenepesha ni kuniambia kwamba huyu wa leo humtaki.

Maji kidogo, shangazi. Asante. Hapo hapo, panatosha.

Mnajua nilivyoanza? Watu mtaani wanadhani nilizaliwa na penseli sikioni, na mimi nimewaacha waamini, kwa nini niwakatize raha? Lakini ninyi ni wa ndani. Nilianza kwa kufukuzwa. Mwalimu wa hesabu alikuwa anagawanya sehemu ubaoni, mimi nikawa nagawanya pua yake nyuma ya daftari, matundu mawili kama mapango ya popo. Akanifuma. Nikabana makalio nikingoja fimbo. Akaitazama ile picha kwa muda mrefu, akasema polepole, "Pua hii ni yangu kabisa." Akauchana ukurasa, akaukunja, akautia mfukoni, akaniambia, "Sasa toka nje." Nikatoka, na kwa kuwa hakunitajia saa ya kurudi, sikurudi tena. Miaka ikapita, siku moja mzee mmoja akaingia, akakaa kwenye kiti, kiti kikalia, akatoa ukurasa umechakaa kama jani kavu. "Nichore tena," akasema, "na safari hii pua uipunguze." Nikamwambia, mwalimu, hesabu sikuelewa lakini kupunguza najua, na pua hii haipungui. Tulicheka mpaka Kelele akaja kuuliza kuna nini. Nilimchora na pua yake yote. Namshukuru. Angenichapa tu akaniacha darasani, leo ningekuwa karani mbaya mahali fulani.

Aliyenifundisha kutazama ni huyu anayejifuta na kanga hapo. Nilipomletea picha ya kwanza ya uso wake, shangazi aliigeuza huku na huku, akauliza, "Huyu nani?" Nikasema, ni wewe, shangazi. Akasema, "Basi nimekwisha kufa na hamkuniambia." Akaibandika jikoni juu ya jiko, moshi uifiche. Nikaudhika, nikachora nyingine, akaibandika kando ya ile. Akanipa yai la kuchemsha, akaliweka dirishani, akasema, "Uso ni yai lenye mambo mengi. Chora yai kwanza." Nilichora yai mpaka nikaota nimekuwa kuku. Nikajifunza mwanga unapogonga, unapoteleza, unapozama, na ule mwanga mdogo unaorudi chini ukitoka mezani, ambao wasiojua huufunika na kivuli na yai likawa jiwe. Jikoni kote kukajaa shangazi, wa kushoto mwenye shingo ya bata, wa kulia mwenye jicho moja juu ya jingine. Halafu jioni moja nikampa ile ambayo mnaijua. Aliitazama, mkono wake ukapanda wenyewe mpaka kwenye shavu lake, akaligusa pale pale nilipotia kivuli, kana kwamba anahakikisha kama bado lipo kwake au nimelichukua. Kisha akasema, "Umenikuta."

Tangu siku hiyo sikuwahi kumwuliza mteja kama ameipenda. Kusifu kila mtu anaweza, hata Kelele. Nilimpa karatasi nikatazama mkono wake. Akigusa uso wake mwenyewe, nimepatia. Asipougusa, nilikuwa namwambia, rudi kesho, picha haijakauka. Penseli, haijakauka! Na wakakubali! Ninyi mliokuwa mkicheka nyuma ya pazia, sasa sababu mmeijua.

Ile picha ya shangazi haiuzwi, haiazimwi, wala haitoki jikoni. Na zile sura ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, zilizoko juu ya kabati, msizitupe. Zifutwe vumbi. Mtu anaweza kuchelewa kujikumbuka.

Ugomvi nao. Mimi na mchora mabango tumegombana tangu nilipofungua mlango. Alisimama barabarani na ndoo yake akatangaza, "Penseli ni ya watoto wa chekechea, mwanamume hushika brashi!" Nikamjibu kwamba simba wake wa kwenye duka la nyama anafanana na mjomba aliyeamka na hangova. Tumeendelea hivyo kila asubuhi, ndiyo ilikuwa chai yetu. Jana nani aligeuza kitanda hiki ili mwanga wa dirisha unijie kutoka kushoto, kama tunavyowaweka wateja wetu wote? Kelele, ulishika upande mmoja. Upande mwingine aliushika nani? Na sasa hivi amekaa nje juu ya ndoo yake, nasikia anavyokwangua rangi kavu kwenye vidole, hataki kuingia. Ugomvi huo nawaachia, msiupatanishe, mtaua mtaa. Kila asubuhi mmoja wenu amtukane simba wake. Na mwambieni nilisema asante, lakini mwambieni kwa dharau kidogo, la sivyo hataamini kwamba imetoka kwangu.

Nipandishe mto, Kelele. Polepole. Hapo.

Dada, umefika wapi? Mdomo? Usiubane sana, mimi si mtu wa kubana mdomo. Na acha kuusugua uso wangu kwa kidole, mafuta ya mkono yanatia madoa yasiyofutika, tumia kitambaa. Ukichanganyikiwa, geuza karatasi juu chini uitazame kama si mtu. Kivuli kitakwambia kilipokosea. Ukisikia mkono unataka raba, weka mkono huo chini ya paja uukalie. Nisikilize. Mashaka yako si ugonjwa. Yamekufanya utazame mara mbili pale mimi nilipotazama mara moja kwa majivuno. Nimekutania miaka yote kwa sababu nilikuwa nakuonea wivu. Sasa yaache mashaka yakuchoree, yasikufutie.

Mimi nimeshukuru. Andikeni hivyo popote mtakaponilaza. Nimeishi kwa kutazama nyuso za watu kwa ruhusa yao, mtu anakaa, ananyamaza, ananiachia sura yake. Nani mwingine anapewa hicho? Mabibi harusi, waliofiwa, mlevi yule aliyelala kitini nikamchora akikoroma. Wote walikuwa wazuri. Sikuona mbaya. Nimetafuta, sikuona.

Pumzi... inakuja kidogo kidogo. Msiogope. Endelea, dada.

Kelele, dada yako akisema chumba kifungwe mapema apumzishe macho, kifunge. Usibishane. Shangazi asikae peke yake jioni. Kiti... kitieni mafuta. Hapana. Kiacheni kilie.

Umefika machoni? Naona mkono umesimama. Hapo ndipo unapokimbia siku zote. Njoo karibu. Tia mboni, nyeusi, usiogope, bonyeza. Sasa ile raba yangu, ile ya pembe nyembamba. Ichukue. Mara moja tu, pale dirisha linaponing'aria. Nuru ya jicho haichorwi, unaifungulia karatasi ipumue. Gusa. Inua.

Umemaliza?

Weka penseli chini. Usitie jina langu, tia lako. Nigeuzieni. Juu kidogo... shangazi, shikilia upande huo.

Aa.

Mungu awatunze, wadogo zangu. Akupe macho yasiyochoka, Bi Mashaka. Akupe watu wa kukusikiliza, Kelele. Shangazi, akulipe kwa lile yai. Mkae pamoja, mchekane, msinuniane mpaka kesho yake.

Kelele. Mkono wangu. Hauji... haupandi wenyewe. Uinue wewe. Taratibu.

Usoni. Nipeleke shavuni, pale alipotia kivuli.

Hapo.