Mama Sumaku na Mirija Iliyooshwa kwa Limau

Zamani mtu akikosea alisimama akasema "ni mimi". Siku hizi huundwa kamati, na kosa likapewa likizo. Marehemu, aliyejulikana chuoni kote kama Mama Sumaku, alikuwa mtu wa zamani.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kitinda mimba wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha treni. Alianza shule mwaka 1958. Kaka yake mkubwa, aliyeacha masomo darasa la nne ili afanye kazi, alijisomea vitabu vya mdogo wake. Siku moja hesabu ilimshinda akaitukana, na kitoto kile kikamwambia, "Kaka, usiifokee, haijakukosea kitu."

Mwaka 1979 alipata shahada ya tatu ya fizikia, akakabidhiwa mashine yenye sumaku mbili nzito, inayosikiliza elektroni zinavyojizungusha. Alitaka kujua molekuli hupenyaje utando wa mafuta unaozunguka seli, ili dawa zifike ndani. Alitengeneza viputo vidogo vya mafuta, akavijaza vitamini C, kisha akaweka nje molekuli zenye alama ambayo mashine iliisikia. Molekuli ikipenya, vitamini huizima alama. "Ni mgeni anayepiga hodi," alieleza. "Kelele zikikoma, ujue kaingia."

Alifunga ndoa na fundi saa tarehe 12 Desemba 1981. Bwana huyo, kila alipomletea chakula maabara, alivua saa zake tatu mlangoni zisiharibiwe na sumaku.

Mwaka 1986 alitangaza kwamba molekuli zake zilipenya kwa dakika nne, si kwa saa nne kama ilivyojulikana. Alipigiwa makofi. Maabara nyingine zilirudia jaribio, zikakuta saa nne zilezile. Muosha vyombo wa maabara yake alikuwa kaka yake. Huyo aliidharau sabuni mpya, akaosha mirija kwa limau kama mama yao alivyong'arisha glasi, akasuuza mara moja tu. Limau lina vitamini ileile. Alama zilizimwa nje, kabla molekuli hazijapenya popote.

"Kaka, mirija uliiosha kwa kitu gani?"

"Sabuni, kama mlivyoagiza."

Maganda yalikuwa kwenye sinki, mbele yao wote wawili. Mama Sumaku aliyatazama, akayaokota, akayatupa mwenyewe. Mbele ya wakuu wake alisema, "Kosa ni langu. Sikukagua vyombo." Aliifuta ripoti yake. Uprofesa aliokosa mwaka ule hakuupata mpaka anastaafu, 2011. Kaka yake alipewa cheti cha utumishi mwema, akakitundika ukutani.

Moyo ulianza kumsumbua Mama Sumaku Juni 2021. Alifariki Alhamisi, tarehe 8 Mei 2025, saa tatu asubuhi. Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, na kaka.

Kaka huyo alimwona mara ya mwisho Jumanne, wodini. Alikuwa amelipanga neno lake tangu nyumbani, miaka thelathini na tisa ya kulipanga. Alipofika alichukua kikombe cha mgonjwa, akakipeleka kwenye sinki.

"Suuza tena, kaka," sauti ilisema kitandani, na kicheko ndani yake.

Akasuuza.

"Tena."

Akasuuza mara ya tatu. Alipogeuka, mdogo wake alikuwa amefumba macho, mkono ameunyoosha kupokea kikombe. Alimpa, akaaga, akaondoka na neno lake.

Ardhi impokee kwa upole. Kosa halikuwa lake.