Mama Nyuki wa Kitalu cha Nyanya

Baada ya miaka thelathini na minne ya kupanda, kung'oa na kupanda tena, mtafiti mwandamizi wa kitengo cha mboga katika kituo chetu cha utafiti wa kilimo anastaafu rasmi tarehe thelathini Juni. Jina lake kamili limo kwenye faili za ofisi. Hapa kituoni tunamwita Mama Nyuki, na akiitwa vingine hageuki.

Jina hilo alipewa na dereva wetu katika msimu wake wa kwanza. Dereva alimkuta kwenye kitalu nyumba ameinama juu ya mche wa nyanya, kibano mkononi, anatoa chavua ya ua moja na kuipaka kwenye ua lingine, kisha lingine, bila kuinua kichwa. Akamtazama weee, mwisho uzalendo ukamshinda. "Dada, kwani nyuki wamegoma?" Akajibiwa, "Hawajagoma, ila wao hawachagui wachumba. Mimi nachagua." Kufika saa ya chai, kituo kizima kilikuwa na habari.

Kazi kubwa ya maisha yake ilianza kwa ugeni. Mama mmoja mkulima, jirani wa kituo, aliingia ofisini akaweka juu ya meza mche wa nyanya alioung'oa na udongo wake. Majani yalikuwa bado ya kijani lakini yamelala kama nguo iliyolowa. "Mwanangu, nimekuletea mgonjwa," alisema. "Wenzake shambani wote wako hivi." Mama Nyuki alikata shina, akalisimamisha kwenye bilauri ya maji, na wote wawili wakatazama uzi mweupe kama maziwa ukishuka taratibu. Ulikuwa mnyauko wa bakteria, ugonjwa unaojificha udongoni na usiosikia dawa. Angeweza kumpa mgeni kijitabu cha ushauri na kumsindikiza mlangoni. Badala yake alimwambia ukweli: "Mama, dawa yake sina. Mbegu ya kuustahimili pia sina. Lakini nitaitafuta."

Aliitafuta kwa njia iliyotutia hofu sisi wa kitengo cha magonjwa ya mimea. Wakati wengine tunaukimbia mnyauko, yeye alitenga kipande cha ardhi nyuma ya stoo, akaufuga. Tulikiita wodi. Huko alipanda watoto wa nyanya pori, zile ndogo kama gololi na chungu kama shubiri, aliowazalisha na nyanya kubwa za sokoni, kisha akangoja kuona nani atabaki amesimama. Ukitoka wodini sharti uoshe viatu kwenye beseni la dawa, uwe nani. Mkuu wa kituo alijaribu siku moja kupita pembeni, akarudishwa kama mtoto aliyesahau kunawa mikono.

Nyumbani alikuwa na msaidizi ambaye kituo hakikuwahi kumwajiri. Mumewe alikuwa fundi cherehani. Aliposikia kwamba maua yaliyochavushwa hufunikwa yasije yakaingiliwa na chavua nyingine, alianza kushona vifuko vidogo kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki mezani kwake: sare za shule, mashati ya ofisini, hata gauni la bibi harusi. Msimu ukichanganya, kitalu kilikuwa kimevaa kuliko sisi tuliokuwa tukikihudumia. Shemeji alikuja mara moja kwa mwaka kukagua mishono yake. Nyanya hakuzitazama sana.

Miaka ikapita, na hatimaye nyanya moja ikasimama wodini imenyooka huku zingine zote zimelala. Tulishangilia. Makaratasi ya kuiidhinisha yakaandaliwa, wakulima wakaalikwa waionje, na wa kwanza kualikwa alikuwa yule mama wa mche. Aling'ata, akatafuna mara mbili, akageuka pembeni akatema kwa adabu. "Mwanangu, umefanya kazi," alisema. "Hainyauki. Lakini nani ataila?"

Jioni hiyohiyo Mama Nyuki alikwenda kwa mkuu wa kituo kuondoa maombi. Mkuu alimwuliza, "Umefika mlangoni, unarudi tena barabarani?" Akamjibu, "Mzee, yule mama nilimwahidi nyanya. Hii inafanana nayo tu." Haikuwa hasira ndogo iliyofuata. Mradi ukafungwa, wasaidizi wakapelekwa kwenye viazi, naye akaachiwa kona ya kitalu karibu na bomba linalovuja. Hapo alianza upya, akiizalisha ile ngumu na nyanya tamu, kizazi baada ya kizazi, akifukuza uchungu bila kufukuza ustahimilivu.

Katikati ya misimu hiyo shemeji aliugua. Mikono ilianza kutetemeka, lakini vifuko viliendelea kuja, mishono imepinda, vingine vimefungwa kwa pindo kubwa kuliko kifuko chenyewe. Tulipomwambia Mama Nyuki kwamba vya dukani vipo, alisema hivi vinamtosha. Shemeji alifariki maua yakiwa ndiyo kwanza yamefunikwa.

Aliporudi kutoka msibani alisimama mlangoni pa kitalu, akashindwa kuingia. Kila tawi lilikuwa limevaa kazi ya mumewe. Nilikuwa pale. Nikamwambia tu, "Dada, matunda yameshika." Alivuta pumzi, akaingia, akafungua kifuko kimoja kimoja, na kila alichofungua alikikunja vizuri kama zinavyokunjwa nguo za mpendwa. Ilimchukua asubuhi nzima. Kisha akanawa uso, akauliza nani amemwagilia upande wa kushoto maji mengi namna hii.

Nyanya za msimu ule zilipoiva, mama mkulima aliitwa tena. Alikuwa amezeeka, anatembelea fimbo. Alipangusa nyanya kwenye nguo yake, akaing'ata, maji yakamtiririka mpaka kiwikoni. Tukasubiri hukumu. Akachukua ya pili. Ndipo aliposema, mdomo umejaa, "Hii haitafika jikoni."

Kamati ilipotaka jina la mbegu hiyo, sote tulipendekeza lake. Alikataa, akaandika neno moja: Fundi. Leo sokoni watu wanaomba "Fundi kilo mbili, zilizokomaa," na muuzaji akiulizwa kwa nini zinaitwa hivyo, hueleza kwamba ni kwa sababu zinajua kazi. Mama Nyuki akisikia hutabasamu, hamsahihishi mtu.

Yapo mengine mengi: vitunguu vinavyotunzika bila kuota, pilipili hoho aliyoipigania hadi ikakubali joto, na watafiti vijana aliowalea, ambao leo wanaongoza vituo vyao. Na tuseme kweli yote: chai yake hainyweki, na nyimbo anazoiimbia miche asubuhi zimetufanya wengine tuchelewe kuripoti kazini kwa makusudi.

Wiki hii tulimkuta anachavusha bilinganya, kazi ambayo matunda yake ya kweli hayataonekana kwa misimu mingi. Mtafiti kijana anayempokea alimwuliza kwa nini anaanza jambo ambalo hatakuwepo kulimaliza. Hakuinua kichwa. "Mwanangu, hata mimi nilipokuja nilikuta mtu ameshapanda."

Sasa anahamia karibu na binti yake, na mjukuu wa kike ambaye, kwa taarifa tulizozipata, hagusi mboga ya aina yoyote. Tunamwonea huruma mtoto huyo, maana hajui nani anakuja.

Dada yetu, mwalimu wetu, ahsante kwa kutofundishika njia ya mkato. Nenda ukapumzishe mgongo. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na bustani ndogo ambayo hakuna atakayekudai ripoti yake. Maisha mema, na mlo mwema.