Ulikopita Mkasi

Sogezeni viti, wanangu, mkae upande huu wa kitanda, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni na sitaki mmoja wenu aje kusema hakusikia. Chelewa, mwanangu, leo umewahi. Baba yako angekuwepo angeuliza jua limechomozea upande gani. Na wewe Mkaguzi, binti yangu, acha kunikunjia shuka, kaa chini. Nimemwomba Mungu pumzi ya maneno haya tu, naye amenipa, ila naona amenipimia, basi msinikatize.

Nyumba hii ni yenu nyote wawili. Kitalu cha maua nacho ni chenu, kuanzia getini hadi kwenye tangi la maji, na hakigawanywi. Najua mnavyotazamana. Hazikupita wiki nyingi tangu tumzike baba yenu, mkaacha kusalimiana; mmoja akiingia kitaluni mwingine anatoka, hadi mteja mmoja akaja dirishani kuniuliza kama tumefiwa tena. Niligeukia ukuta.

Chanzo ni madoa. Yale maua mekundu ambayo baba yenu aliyaita mioyo, kwa umbo lake, akayalea tangu hamjazaliwa, yaliingia madoa kwenye majani yakaanza kunyauka, na wewe Mkaguzi ukamwambia mdogo wako mbele ya wateja, "Umeokota miche michafu barabarani ukatuletea hapa. Baba kaondoka, sasa unamalizia maua yake." Naye akajibu, "Basi mimi ndiye muuaji, iteni polisi," akabeba mfuko wake wa nguo akaenda kulala kwa rafiki yake. Nyinyi mlidhani nimelala. Ukuta huu ni mwembamba, wanangu.

Ndipo nikakuomba, Mkaguzi, uniletee majani, moja kutoka kila chungu kwa mpangilio wake, ukanitii huku ukidhani mama anaweweseka. Sikuwa naweweseka. Sikilizeni sasa, kwa sababu huu ndio urithi wenyewe, nyumba ni matofali tu.

Jani linainuliwa kwenye mwanga, halihukumiwi likiwa limelala mezani. Hayo alinifundisha bwana shamba, Mungu amzidishie, maana mimi shule niliiacha mapema. Waridi likiwa na doa jeusi lenye kingo zisizonyooka, kama wino uliodondokea kitambaa, kisha jani likawa la njano na kuanguka, huo ni ukungu; okoteni yaliyoanguka, pogoeni matawi hewa ipite, mwagilieni asubuhi, chini kwenye udongo wala si juu ya majani, na dawa ya ukungu itasaidia. Doa kavu, jeupe, lililo upande unaotazama jua tu na haliongezeki, ni jua limeunguza. Sogezeni chungu kivulini, msimnyweshe dawa asiyeumwa. Lakini doa la mioyo si kama hayo. Linaonekana kama limeloa, ukilipeleka kwenye mwanga linapitisha nuru, limezungukwa na unjano, halafu ukingo wa jani unakuwa kahawia na ukahawia huo unatambaa kwenda ndani. Hao ni bakteria. Wanakaa ndani ya utomvu, na hakuna bomba la dawa litakalowatoa huko. Mmea ulioingiwa unang'olewa na mizizi yake, unachomwa, na chungu chake kinaoshwa kabla hakijatiwa kitu kingine.

Niliyapanga majani yale juu ya shuka hili kama vyungu vilivyopangwa uani, nikayasoma kwa kidole. Yaliyooza zaidi yalitoka kwenye mmea wa baba yenu, ule mkubwa wa mlangoni. Kutoka hapo ugonjwa ulishuka mstari wa kati, ukapinda penye rundo la mbolea, ukaishia getini. Vyungu vya Chelewa, vyenye mioyo aliyoileta yeye, viko kule kwenye tangi, na majani yake umeniletea wewe mwenyewe, Mkaguzi, kwa mkono wako. Hayana hata alama. Angekuwa ndiye aliyeleta, ugonjwa ungeanzia kwake.

Nikajiuliza, ni nani aliyepita njia ile, kutoka mlangoni hadi getini? Nikakumbuka tulipita sote. Mmea ule uliugua baba yenu akiwa hospitali, na macho yetu yote yalikuwa kwake. Asubuhi ya mazishi tukakata maua ya kumfunika. Ulikata wewe, Mkaguzi, akakata Chelewa, nikakata mimi, wakakata shangazi yenu na majirani, na kila mtu alitaka mkasi ule ule wa marehemu, alioushika yeye, tukapokezana chungu hadi chungu hadi kwenye gari lililokuwa likitusubiri getini. Baba yenu hakuhama kutoka mmea mmoja kwenda mwingine bila kuufuta mkasi kwa spiriti. Kitambaa chake siku ile kilikuwa kwenye suruali iliyotundikwa nyuma ya mlango huu. Nani angekikumbuka? Tulikuwa tunalia, na huku tunakata.

Basi hakuna muuaji hapa. Mkaguzi, mwombe mdogo wako radhi, usingoje nizikwe. Chelewa, baba, akikuomba usimfanye arudie. Jicho lako la ukaguzi, binti yangu, ni zawadi ya Mungu, lakini lianze na jani kabla halijamfikia mtu.

Mkasi wa baba yenu nawaachia pamoja. Mmoja akate, mwingine afute. Ndivyo tulivyofanya mimi naye miaka yote, na siku nyingine tulikuwa tumenuniana, lakini ilibidi nimpe kitambaa na ilibidi akipokee.

Mioyo yote iliyougua ichomwe leo. Na ule wa mlangoni pia, msiuonee huruma. Mkitaka kupanda tena, anzeni na vyungu vya Chelewa.

Nipeni maji... Hapo, inatosha.

Liko jambo moja, Mungu anisamehe. Mliniuliza kama kuna mioyo mahali pengine, nikasema hakuna. Fungueni pazia. Hicho ni chungu chenye chipukizi la mmea wa baba yenu. Nilimwomba jirani aniletee kabla hamjaanza kugombana, nikakificha. Kila asubuhi nilikuwa ninakisalimia. Juzi limetokea doa... pale, kwenye jani la chini... limeloa. Nimeliona, nikalirudishia pazia. Mimi, ninayewafundisha. Nilitaka kitu chake kimoja kiwe hai hadi niondoke, basi.

Kichukueni. Msinionee haya. Chelewa, beba chungu. Mkaguzi, mfungulie mlango, mikono yake imejaa. Kitambaa kiko mfukoni, nyuma ya mlango... bado kiko. Mungu awalinde, wanangu. Awape mikono safi na... na maneno laini. Awakutanishe kila asubuhi pale uani.

Pazia liacheni wazi, niuone moshi.

Mkimaliza, rudini. Pamoja. Asitangulie mtu.