Kapu la Fundi Waya

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti tukae pamoja. Kipindi hiki huwakumbuka watu waliotutoka, na leo tunamkumbuka mtu wa nyumba hii hii ya redio. Sauti yake hamkuwahi kuisikia. Lakini kila sauti mliyoisikia hapa kwa miaka ishirini na minane ilipita mikononi mwake.

Tulimwita Fundi Waya. Alifariki Jumanne asubuhi, nyumbani kwake, baada ya kuugua kwa wiki tatu. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Ameacha mke, binti mmoja ambaye ni muuguzi, na kaka yake mkubwa ambaye ni fundi cherehani.

Jambo moja nalisema mapema, nisije nikalikwepa. Fundi Waya aliondoka katika redio hii akiwa amesalitiwa. Neno ni hilo, sina jingine la kulipaka sukari. Na aliyemsaliti nitamtaja.

Jina lake la utani lilitokana na mfuko wa shati. Mifuko ya wenzake ilikuwa na kalamu, wake ulikuwa na kipande cha waya. Kaka yake ameniambia mambo hayo alianza zamani. "Akiwa na miaka tisa alifungua redio ya baba, akaifunga tena, ikabaki skrubu moja mezani. Baba akamuuliza, hii ya wapi? Akajibu bila wasiwasi, hiyo ilikuwa ya ziada." Nikamuuliza kaka mtu kama redio iliwaka. "Iliwaka. Mpaka leo hatujui ile skrubu ilikuwa na kazi gani."

Sasa niwaeleze jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi hapa. Ulikuwa ukirekodi mahojiano, unayatia kwenye flashi, halafu unatimua mbio kwenye korido hadi chumba cha habari. Flashi zilipotea. Flashi zilifuliwa zikiwa mifukoni mwa suruali. Mhariri wetu aliwahi kusubiri sauti ya mkutano mzima, akaletewa flashi yenye picha za harusi ya mtu. Na virusi ndio usiseme, vilihama kutoka meza hadi meza kama mafua.

Fundi Waya aliyaona hayo yote. Siku moja mapokezi waliletewa kompyuta mpya, na ile ya zamani ikawekwa nje karibu na mapipa ya taka. Ilikuwa na umri wa miaka kumi na moja. Ubavu mmoja ulikuwa umepasuka. Fundi Waya akaibeba kifuani, akapita nayo mbele ya kila mtu, na kila mtu akamcheka.

"Hiyo imezeeka, mzee," katibu muhtasi akamwambia.

"Haijazeeka. Imechoka na vumbi, kama mimi na wewe."

Aliipangusa ndani kwa brashi ya rangi. Akaitia diski mbili kubwa. Akaondoa kila kitu kilichokuwamo, akaweka mfumo mwepesi wa bure ambao mashine kuukuu inaumudu. Akaivutia waya wa mtandao hadi kwenye kila chumba. Kioo hakuiwekea, wala kibodi. Iliwekwa chini ya rafu katika stoo ya vifaa, ikawa inanguruma polepole saa zote. Wataalamu huiita seva. Yeye aliiita Kapu.

"Ni kapu tu," alituambia. "Ukiwa na kitu, tia. Ukitaka kitu, toa. Mbio za korido zimekwisha."

Na kweli zilikwisha. Mwandishi alitia sauti kapuni akiwa chumba cha chini, mhariri akaitoa akiwa chumba cha juu, bila mtu kuinuka kitini. Nyumbani kwake mkewe alikuwa akimtania. Akichelewa kurudi, anamuuliza, "Mke mwenzangu hajambo leo?" Naye anajibu kwamba mke mdogo hana maneno mengi.

Ndani ya Kapu alitengeneza folda tatu. Wasikilizaji wapendwa, nisikilizeni hapa, maana ndipo kisa kilipo. Folda ya kwanza aliiita Leo. Humo ilikaa kazi inayoendelea. Ya pili aliiita Jana. Humo zilitiwa kazi zilizokwisha tumika, na Jana ilijifuta yenyewe kila mwisho wa mwezi, ili diski zisijae. Ya tatu aliiita Milele. Kilichoingia humo hakuna aliyeweza kukifuta, isipokuwa yeye mwenyewe. Leo, Jana na Milele. Aliyaandika kwenye karatasi kwa kalamu nzito, akaibandika mlangoni pa stoo, akawaita wafanyakazi wote awaelekeze.

Mfanyakazi mmoja hakwenda. Alisema ana kazi nyingi, na kwamba mambo ya makapu atayajulia mbele ya safari. Karatasi ya mlangoni alipita mbele yake kila siku, hakuisoma.

Mfanyakazi huyo alikuwa na hazina. Kwa miaka tisa alikuwa amerekodi wazee wakisimulia maisha yao. Wakunga, waashi, dereva wa treni, mwanamke aliyefuga nyuki miaka hamsini. Sauti mia mbili na kumi na nne. Wengi wa wazee wale walikwisha kufa, na watoto wao walikuwa wakija hapa kuomba wasikie. Mmojawapo alikuwa mchimba visima, na mchimba visima huyo alikuwa baba mzazi wa Fundi Waya.

Basi mfanyakazi yule akaletewa kompyuta mpya mezani kwake. Ilibidi ahamishe sauti zake kabla ya ile ya zamani kuchukuliwa. Akafungua Kapu, akaona folda tatu. Akajisemea, hawa ni wazee, haya ni mambo ya zamani, mahali pake ni Jana. Akatia sauti zote mia mbili na kumi na nne katika Jana. Akarudi kwenye kompyuta yake, akafuta zilizokuwa humo. Akapiga miayo, akaenda kunywa chai.

Mwezi ukaisha. Jana ikajifuta.

Mfanyakazi yule ni mimi ninayesema nanyi sasa.

Sitafuti maneno laini. Nilidhani Jana maana yake ni zamani. Kwa Fundi Waya, Jana ilikuwa kitu ambacho kesho hakitahitajika. Angalau hapo nilikosea tu, na kukosea kila mtu hukosea. Yaliyofuata hayakuwa makosa.

Fundi Waya alikaa siku tatu katika ile stoo akijaribu kuzirudisha sauti. Aliokoa kumi na moja. Kumi na moja kati ya mia mbili na kumi na nne. Ya baba yake haikuwamo. Alinisomea majina yale kumi na moja moja baada ya jingine, na alipofika la mwisho akasema, "Mzee wangu amekwenda mara ya pili."

Kapu lilikuwa likiandika kila linalotendeka, nani ameingia, saa ngapi, ametia nini. Jina langu lilikuwamo. Alichapisha ukurasa ule, akanijia mezani asubuhi ya kikao cha menejimenti, akanionyesha, akaukunja mara mbili, akautia katika mfuko wa shati.

"Mdogo wangu, hili linatokea," alisema. "Hata mimi ningekuelekeza wewe peke yako, sikufanya hivyo. Lakini wanasema mashine yangu imekula sauti. Utawaambia mwenyewe?"

"Nitawaambia, kaka."

Nilimjibu hivyo, nikimtazama machoni. Nitawaambia, kaka.

Tukaingia kikaoni. Meneja alikuwa amekunja uso. Akauliza sauti za wazee zimekwenda wapi. Fundi Waya akasimama, akasema, "Mashine ilifanya nilichoiagiza." Kisha akageuka akanitazama mimi, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.

Meneja naye akanigeukia. "Wewe ndiye mwenye sauti. Unasemaje?"

Nikasema, "Ile mashine ilikuwa inasumbua siku nyingi."

Haikuwahi kusumbua hata siku moja. Nilimruka kimanga. Nilimruka mtu aliyenifundisha kushika maikrofoni, mtu ambaye binti yake aliniita baba mdogo, na nilifanya hivyo kwa sababu niliogopa kuondolewa katika kipindi hiki. Fundi Waya alipeleka mkono kwenye mfuko wa shati. Niliuona. Nikajua nimekwisha. Mkono ukakaa pale kidogo, ukashuka bila kitu. Akaketi.

Meneja aliagiza takataka ile ya kuokotwa izimwe siku ileile. Fundi Waya aliizima mwenyewe. Tuliokuwa tukimcheka siku ya kwanza tulisimama koridoni tukimtazama akikunja nyaya, na hakuna aliyemsaidia. Wiki iliyofuata walimhamishia kwenye dawati la kuazimisha maikrofoni, na daftari la kusaini. Miaka ishirini na minane ya ufundi, anaandika nani kachukua maikrofoni namba nne. Alivumilia miezi saba, akastaafu. Hakuagwa. Kwenye korido wageni waliambiwa, yule ndiye aliyepoteza sauti za wazee.

Miezi saba hiyo tulipishana kila siku. Alinisalimia kila siku. Mimi nilikuwa nikiitikia huku natazama simu.

Hayo yalitokea miaka miwili na nusu iliyopita. Alhamisi hii nimekwenda kwenye msiba. Binti yake aliniona getini, akaingia ndani bila kunisalimia. Mkewe alitoka. Mama huyu, tangu nimfahamu, ameniita shemeji. Tulitaniana, alinipikia, alinisema nilipokonda. Alhamisi hakuniita shemeji.

"Karibu, mtangazaji," alisema.

Tukakaa sebuleni. Juu ya kabati palikuwa na redio. Nikauliza, kwa sababu sikuwa na la kuuliza, kama mzee alikuwa akisikiliza bado.

"Kila kipindi chako. Hakikumpita hata kimoja. Anafungua, anakaa pale ulipokaa wewe, anasikiliza mpaka mwisho, anazima. Namuuliza, unasikiliza nini kwa mtu huyo? Ananiambia, nasubiri aseme."

Nikamwuliza kwa nini siku ile hakutoa karatasi.

"Na mimi nilimgombeza kwa hilo. Akaniambia, 'Nikiitoa, atakuwa amekamatwa. Mimi sikutaka akamatwe. Nilitaka aseme, kwa sababu aliniahidi.'" Akanyoosha kanga yake magotini. "Alikuamini asubuhi, mtangazaji. Mchana ukamuuza. Alikuwa akilirudia hilo, asubuhi na mchana, kama mtu anayepiga hesabu isiyotimia. Hakuumia kwa ajili ya kazi. Aliumia kwa kuwa ulikuwa wewe."

Wiki mia moja na thelathini hivi. Kila wiki nilikaa katika kiti hiki, nikawasomea barua zenu, nikawaombea marehemu wenu mapumziko mema. Na kila wiki mtu mmoja alikuwa amekaa sebuleni kwake, akinipa nafasi nyingine ya kusema sentensi moja.

Basi naisema. Sauti mia mbili na kumi na nne za wazee zilifutika kwa mkono wangu. Mashine ya Fundi Waya haikuwa na kosa. Fundi Waya hakuwa na kosa. Nakariri kwa ambaye amefungua redio sasa hivi: Fundi Waya hakupoteza sauti za wazee. Nilizipoteza mimi, nikamwacha yeye aitwe mpotezaji. Kwa familia zilizopoteza sauti za wazazi wenu, mlimlaumu mtu asiyehusika, na niliwaacha mmlaumu.

Meneja wa sasa ameipata taarifa hii kwa maandishi kabla sijaketi hapa. Atakaloamua ni halali yake.

Kwa mke wa marehemu, kwa binti yake muuguzi, kwa kaka yake fundi cherehani na kwa ukoo mzima, poleni kwa msiba. Poleni pia kwa ule msiba wa kwanza, ambao hakuna aliyekuja kuwapa pole. Nanyi wasikilizaji wapendwa, huenda yuko mtu anayekusubiri useme. Unamjua. Usingoje wiki ijayo, maana mimi niliingoja, ikafika Jumanne.

Alhamisi, nilipokuwa naaga, nilimwomba mkewe ruhusa ya kuyasema haya hewani. Alifikiri. "Sema," akaniambia. "Yaseme yote. Ila usiwaambie watu kwamba alikusamehe. Mimi ndiye niliyekuwa naye, na hakuwahi kuniambia hivyo."