Mzee Kipaza na Watu Wenye Udhuru

Kila asubuhi, kabla hajamsalimia mtu, marehemu alisimama kwenye mlango wa uani na kikombe cha chai mkononi, akakigonga mara mbili kwa ukucha, kisha akakiambia: "Moja, mbili. Moja, mbili. Huko nyuma mnanisikia?" Mkewe alimjibu kutoka jikoni: "Huku nyuma tunakusikia. Asiyesikia ni yule aliyeambiwa tangu wiki iliyopita atengeneze bomba." Hapo ndipo siku ilipoanza katika nyumba ile, kwa miaka hamsini na zaidi.

Mji mzima ulimjua kwa jina la Mzee Kipaza. Alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 4 Machi 1947, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano. Baba yake alikuwa fundi baiskeli na mama yake alifua mashuka ya hospitali. Mama alipenda kusimulia kwamba mkunga alipotoka nje kuwapa majirani habari, alikuta wameshazipata. Mtoto alikuwa amejitangaza mwenyewe.

Alianza shule ya msingi mwaka 1955 na kumaliza elimu ya sekondari mwishoni mwa mwaka 1965. Alipokuwa kidato cha pili, mwalimu wa historia alivunja miwani, na miwani mingine ikachukua muhula mzima kufika. Muhula huo marehemu ndiye aliyesoma kitabu kwa sauti huku wenzake wakiandika. Alipofika penye neno gumu hakusita. Alilitamka kwa uhakika wote, akikosea au akipatia, na darasa zima likaenda kukosea pamoja naye kwenye mtihani. Yeye mwenyewe alikuwa akicheka sana akikisimulia kisa hicho. Miaka ya mwisho alikisimulia bila kucheka.

Tarehe 1 Aprili 1968 aliajiriwa na halmashauri ya mji kama karani wa masijala. Alipewa chumba namba tisa, mwisho wa ukumbi, chenye rafu za mafaili pande tatu na dirisha lililotazamana na tangi la maji. Humo alifanya kazi mpaka alipostaafu mwaka 2002. Kazi yake kubwa ilikuwa kuandika kumbukumbu za vikao, na kila kikao alikifungua kwa vichwa vitatu: waliohudhuria, wasiohudhuria, na wenye udhuru. Hicho cha tatu alikilinda kama mboni ya jicho. Diwani mmoja alipowahi kumwambia kwamba asiyekuja hakuja tu, udhuru ni mapambo, marehemu alimjibu: "Mheshimiwa, mtoro hata hakumbuki kama kuna kikao. Mwenye udhuru moyo wake uko hapa mezani, ni makalio tu ndiyo yako kwingine."

Uwanjani aliingia kwa bahati. Jumamosi ya tarehe 14 Agosti 1971, timu ya mji ikicheza nyumbani, kipaza sauti kilikufa kipindi cha kwanza, na papo hapo mtoto wa kike wa miaka mitatu akapotea kwenye jukwaa. Marehemu alikuwa amekaa safu ya nne na karanga zake. Alisimama juu ya benchi, akamwinua yule mtoto, akasema kwa sauti aliyopewa na Mungu: "Mama wa mtoto mwenye kiatu kimoja, mtoto wako yupo hapa. Kiatu cha pili tunaendelea kukitafuta." Uwanja mzima ulimsikia, hata mwamuzi akasimamisha mpira. Wiki iliyofuata katibu wa timu alimfuata chumba namba tisa akamwomba awe mtangazaji wa uwanja. Aliifanya kazi hiyo misimu ishirini na mitatu. Malipo yake yalikuwa kiti chenye mto na chai ya mapumziko.

Alifunga ndoa siku ya Jumapili, tarehe 20 Oktoba 1974, na mshonaji wa sare za shule aliyekuwa na cherehani yake jirani na posta. Harusi ilipangwa iwe Jumamosi, ikasogezwa, kwa sababu Jumamosi hiyo timu ilikuwa nyumbani. Mama mkwe alipoambiwa sababu alishika kiuno. "Mwanangu," alimwambia binti yake, "huyu ana mke mkubwa tayari, na anavaa jezi ya buluu." Bibi harusi alijibu kwamba mke mwenza asiyepika wala kulala ndani hamsumbui. Waliishi pamoja kwa miaka hamsini, wakajaliwa watoto watatu.

Lipo jambo ambalo wengi walioko hapa wanalijua nusu. Familia imeona lisomwe lote leo.

Katika dakika ya sabini ya kila mchezo, marehemu aliletewa kikaratasi kutoka mlangoni chenye idadi ya watu walioingia, naye akawatangazia wote. Miaka ya mwanzo ilikuwa raha kuisoma. Kisha kiwanda cha nguo kikafungwa, watu wakaanza kufanya kazi za zamu mbali na mji, na majukwaa yakaanza kuonyesha saruji. Jumamosi moja ya mwaka 1986, mvua ikinyesha, kikaratasi kilisema mia nane na kumi na mbili. Marehemu aliwatazama wachezaji wakiwa na matope hadi kiunoni. Akamkumbuka muuguzi aliyemsimamisha njiani asubuhi ile na kumwambia, "Kipaza, leo niko zamu, wasalimie vijana." Akamkumbuka mlinzi wa ghala, na wale waliokuwa wamesimama nje ya ukuta wakisikiliza. Karani wa masijala akafanya alichozoea kufanya siku zote: aliwaingiza wote. "Mahudhurio ya leo," akatangaza, "ni watu elfu mbili mia moja na arobaini." Wachezaji waliinua vichwa. Siku hiyo walisawazisha.

Tangu hapo alikuwa na daftari lenye safu tatu: waliopita mlangoni, waliosikiliza nje ya ukuta, na wenye udhuru. Alichotangaza kilikuwa jumla. Habari ikaenea, na mji ukaipenda. Alikuwa hawezi kwenda dukani bila kusimamishwa.

"Kipaza, Jumamosi niandikie udhuru, mama mkwe anakuja."

"Nimekuandika."

"Na mimi, goti."

"Lipi?"

"Lolote utakaloona linafaa, Mzee."

Walikuwa wakicheka wote. Lakini kutuma udhuru ni kwepesi kuliko kupanda ngazi za jukwaa, na kila msimu safu ya tatu ilinenepa huku ya kwanza ikikonda. Jumamosi ya tarehe 26 Novemba 1994, timu ilicheza mchezo wake wa mwisho kabla ya kuvunjwa. Marehemu alitangaza watu elfu sita na kumi na wawili. Mlangoni walikuwa wamepita mia tatu tisini na mmoja.

Miaka ishirini na tisa iliyofuata, Jumamosi alasiri alivaa shati lake la mikono mirefu akaenda kutembea. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Uwanja ulikuwa umegeuzwa mahali pa kufundishia udereva, na alikuwa akisimama kwenye tundu la ukuta upande wa mashariki, akitazama magari yenye kibao cha mwanafunzi yakirudi kinyumenyume kwenye eneo la penalti. Siku moja mkewe, akitokea sokoni, alimwona, akapita upande wa pili wa barabara ili asimshtue. Nyumbani alimwandalia chai tu.

Kwa hiyo inaeleweka furaha aliyokuwa nayo mwaka 2023, kamati ilipoundwa kuchunguza kama mji unaweza kuanzisha tena timu ya soka la kulipwa. Mwenyekiti wake alikuwa mfanyabiashara wa mabati, mtu mwenye nia njema na haraka nyingi. Aliajiriwa mtaalamu kufanya upembuzi yakinifu, na marehemu akaombwa asome muhtasari wa taarifa hiyo mbele ya wananchi, katika ukumbi wa halmashauri, tarehe 7 Oktoba. Alinunua viatu. Alikuwa na miaka sabini na sita na alikuwa akipiga mluzi bafuni.

Taarifa ililetwa siku tatu kabla ili aizoee. Alifika ukurasa wa kumi na nne, akavua miwani. Pale paliandikwa kwamba timu ya zamani, katika misimu yake minane ya mwisho, ilipata wastani wa watazamaji elfu nne kwa mchezo, na kwa kuwa mji umeongezeka mara tatu, timu mpya isingekosa watu. Idadi hizo zilitoka kwenye magazeti ya zamani. Magazeti yalizitoa kwake.

Alikaa barazani hadi chai ikapoa. Mkewe alileta kigoda chake akaketi.

"Ukisema, timu haiji," alimwambia mumewe baada ya kusikia yote.

"Najua."

"Na ukinyamaza?"

"Itakuja. Itakaa miaka miwili ikitazamana na saruji, halafu itakufa. Na safari hii hawatathubutu tena kujaribu."

"Basi si umeshaamua. Sasa unaumwa nini?"

"Naitaka," alisema marehemu. "Mama watoto, naitaka mpaka meno yananiuma."

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa, na wengine walisimama madirishani. Marehemu alisoma vizuri kuliko wakati wowote. Alipofika ukurasa wa kumi na nne alifunga taarifa, akatoa daftari lake mfukoni. "Ndugu wananchi," alisema, "hapa pana kosa, na kosa ni langu." Akasoma safu zote tatu, msimu kwa msimu. Mwanzoni watu walicheka, maana walisikia majina ya visingizio vyao wenyewe: goti, mama mkwe, mvua. Kisha kicheko kikapungua, kikaisha.

Mwenyekiti aliuliza kwa upole, "Mzee wangu, tukichukua wale waliopita mlangoni peke yao, wastani ni wangapi?"

"Mia saba, mwanangu. Mvua ikinyesha, shusha."

"Hukudhani ni vizuri kutuambia mapema?"

"Niliona sidanganyi," alisema marehemu. "Nilijumlisha. Nimechelewa kujua kuwa ni kitu kimoja."

Kamati iliahirisha shughuli zake, na hadi leo haijakutana tena. Wapo waliompongeza, wachache. Wengi walikasirika. Kinyozi wake alimpokea Jumatatu kwa sauti ya kusikika hadi stendi: "Karibu, Mzee Kipaza! Timu za wenzetu hufa kwa kufungwa mabao, ya kwetu umeiua kabla haijazaliwa, tena kwa daftari!" Marehemu aliketi kwenye kiti, akainamisha kichwa, akasema, "Nyoa, bwana. Wembe unao wewe." Kinyozi alinyoa. Wengine hawakumwamkia kwa miezi mingi, na baadhi yao walikuja msibani tangu siku ya kwanza, wakabeba viti na kuchota maji. Familia inawashukuru. Yeye hakuwa na kinyongo na yeyote. Alikuwa akisema kwamba mtu anayekukasirikia kwa ajili ya timu anaipenda timu, na hao ndio aliokuwa akiwatafuta siku zote.

Mwezi Februari 2024 miguu yake ilianza kuvimba, na madaktari wakagundua moyo umetanuka. Alitibiwa kwa mwaka mmoja na ushee, akiingia na kutoka wodini, akiwafahamu wauguzi wote na zamu zao. Hali ilibadilika mwishoni mwa Mei mwaka huu. Alifariki dunia siku ya Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, saa tatu asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minane.

Ameacha mjane, watoto watatu, wakwe watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja, pamoja na dada yake mdogo ambaye ndiye pekee aliyebaki kati ya wale watano. Mungu amlaze pema, na ardhi impokee kwa upole.

Wengi wamewauliza wafiwa, humu msibani na hata njiani, marehemu mwenyewe aliamini nini, maana ukumbini alisoma daftari tu, hakutoa maoni. Mjukuu wake wa kwanza alikuwa na swali hilohilo tangu Oktoba ile, naye hakuwahi kuthubutu kuliuliza. Aliliuliza Jumapili ya tarehe 8 Juni, wodini, wakati wa kuona wagonjwa, wengine walipokuwa wametoka kwenda kununua dawa.

"Babu, tuliweke pembeni daftari. Wewe mwenyewe unaonaje, mji huu unaweza kulea timu?"

Alimwashiria mjukuu asogeze kiti.

"Hauwezi, mjukuu wangu," alisema. "Lakini mimi ningekwenda."