Kati ya Nguzo ya 32 na ya 33: Maisha ya Alcide Théophile Rochon

Baba Paroko, wazee wa mtaa wa Tremé, wanachama wenzake wa chama cha kufa na kuzikana, wapiga bendi mliosimama nje na jua hili, ndugu, jamaa na majirani, familia ya Rochon inawashukuru kwa kuja, na inawashukuru zaidi wale mliokubali kuacha tepe zenu kwenye kapu la mlangoni, za kijani kwa wanaotaka barabara ya juu ibomolewe, za njano kwa wanaotaka ibaki, ingawa msomaji anaziona zilizofichwa chini ya makoti, na marehemu angeziona pia, maana macho yake yalikuwa makali hadi mwisho.

Historia hii imeandikwa mara tatu. Inasomwa na Clotilde, binti wa marehemu, kwa idhini ya Numa, mdogo wake, na watu wote wa mtaa huu wanajua kwamba ndugu hawa wawili hawakuwa wamekaa meza moja tangu Krismasi ya mwaka 2021, Clotilde akiwa kijani na Numa akiwa njano, kila mmoja akiapa kwamba Baba yuko upande wake.

Marehemu Alcide Théophile Rochon alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Machi 1946, nyumbani kwao mtaa wa Ursulines, hapa New Orleans, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Mzee Valsin Rochon, fundi wa lipu, na Bi Philomène, aliyepika kashata za njugu za pekani na kuziuza chini ya mwaloni mmoja kwenye barabara ya Claiborne, siku za kawaida kapu moja, siku ya Mardi Gras, sherehe ya mwisho kabla ya Kwaresima, makapu tisa. Miti ilikuwa safu nne, ndefu kuliko macho yanavyofika, na chini yake watu walikula, walicheza, waligombana na kuposana, kwa hiyo marehemu alipoanza shule ya parokia mwezi Septemba 1952 alikuwa tayari amejifunza kuhesabu kwa kashata na kupiga ngoma kwa mizizi ya mti.

Alimaliza shule tarehe 4 Juni 1964, akakaa mwaka mmoja na nusu bila kazi ya maana, na mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, aliajiriwa na mkandarasi mmoja kwa kazi ya kusafisha njia, hakuulizwa njia ya nini, naye hakuuliza, kwa sababu alitaka suruali mpya ya sherehe. Jumatatu ya kwanza kazini alipewa msumeno wa mashine na kupelekwa Claiborne, na mti wa nne aliopewa kukata ulikuwa ule wa mama yake. Hakukataa. Bi Philomène alifika na kapu kichwani, akakuta kisiki, akamtazama mwanawe aliyejaa unga wa mbao hadi kwenye kope, akamwambia, "Alcide, kama ulikuwa na njaa si ungeniambia, mwanangu?" kisha akageuka na kurudi nyumbani na kashata zake zote, na kwa muda wa miezi kumi na moja alimpikia, alimfulia, alimwombea, lakini hakumsemesha.

Juu ya visiki hivyo ikajengwa barabara ya juu ambayo sote tumezaliwa au tumezeeka chini yake, na marehemu alikuwamo katika kumimina zege lake. Mwaka 1970 aliingia kazi ya ukaguzi wa madaraja katika kampuni moja ambayo jina lake halina haja hapa, akaifanya kwa miaka thelathini na mitano, na chombo chake kilikuwa nyundo ya kilo moja, anagonga zege, anainamisha kichwa, anasikiliza, zege zima linalia kama kengele ndogo, zege lililoachana ndani linajibu kama mtungi mtupu. Sikio hilohilo lilimpa nafasi ya ngoma kubwa katika bendi ya chama, ambako alipiga kuanzia mwaka 1972 hadi magoti yalipokataa, na hakuna jeneza lililopita chini ya daraja katika miaka hiyo bila ngoma yake kulisindikiza.

Alimwoa Bi Léontine Metoyer tarehe 12 Juni 1971, katika kanisa hilihili. Alipokwenda kuposa, kwa mazoea ya kazi aligonga ukuta wa sebule ya wakwe kwa kidole, akainamisha kichwa, akawaambia ukuta umeliwa na mchwa, na mama mkwe akauliza kwa sauti, "Huyu kijana amekuja kuoa au amekuja kukagua?" Walimpa mke ili anyamaze. Wiki ya pili baada ya harusi ukuta ule ulianguka juu ya kochi, na tangu siku hiyo mama mkwe hakununua hata tikiti maji bila kumwita Alcide aligonge kwanza. Walijaliwa watoto wawili, Clotilde, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1973, na Numa, aliyezaliwa tarehe 30 Novemba 1976, na wajukuu watatu, mmoja wao ana pumu na analala dirisha likiwa limefungwa kwa ajili ya moshi wa magari yanayopita juu ya paa lao. Bi Léontine alitangulia mbele ya haki tarehe 19 Agosti 2016.

Sasa msomaji amefika mahali ambapo karatasi hii ilichanwa mara mbili. Numa hakutaka sehemu hii isomwe, alisema, "Dada, mtu hazikwi na aibu yake, aibu inaachwa mlangoni kama mwavuli," na Clotilde akamjibu kwamba Baba mwenyewe aliisema mbele ya watu mia nne, je, wao ni waungwana kumshinda? Walibishana jikoni kwa marehemu siku tatu, chungu cha maharage mekundu kikaungua juu ya jiko, jirani akaja kuuliza kama nyumba inawaka. Numa alikubali kwa sharti moja, kwamba kama yatasomwa, yasomwe yote, pamoja na yale ambayo dada yake hayapendi. Ni haki, na ndivyo itakavyokuwa.

Mwaka 2002 nguzo za daraja zilipochorwa picha za watu wetu, nguzo ya 32, iliyo hatua ishirini kutoka mlango wa baa ya Numa, ilichorwa mwaloni mkubwa, na chini yake Bi Philomène na kapu lake, kwa picha aliyoitoa Numa mwenyewe. Marehemu alisimama pale siku nzima kofia mkononi. Mwaka uliofuata alifika nguzo hiyo na nyundo yake, akapanda ngazi, akagonga juu ya matawi yaliyochorwa, zege likajibu kama mtungi mtupu. Alijua kwamba akiandika hivyo, mafundi watakuja kukwangua, kuziba na kupaka rangi ya kijivu, na mama yake ataondolewa Claiborne mara ya pili, na mara hii pia kwa mkono wake. Akaandika kwamba nguzo ni nzima. Mwaka 2005, majira ya kuchipua, aligonga tena, ilikuwa tupu zaidi, akaandika tena kwamba ni nzima. Kisha likaja gharika la Agosti, familia ikatawanyika hadi Houston, kazi ikaisha, na waliporudi mwaka 2007 na kuanza kuijenga nyumba upya, nani alikagua nini baada ya hapo familia haijui, na haisemi.

Jumapili, tarehe 17 Oktoba 2021, gwaride la chama likipita chini ya daraja, kipande cha zege cha ukubwa wa mkate kilianguka kutoka kwenye matawi ya mwaloni ule na kumvunja mtulinga Bwana Aristide Glapion, mpiga tarumbeta, rafiki wa Numa tangu utoto na baba wa ubatizo wa mtoto wake, ambaye tangu siku hiyo hawezi kuinua tarumbeta yake kwa zaidi ya dakika mbili. Yumo humu, safu ya tatu. Kuanzia hapo ubishi wa mtaa, ambao ulikuwa ni maneno ya baa na kinyozi, ukageuka uadui, kijani wakasema daraja linaua, ling'olewe, mialoni ipandwe, watoto wavute hewa, njano wakasema daraja likianguka leo, kesho anakuja mwenye fedha kununua kivuli, na sisi tutaambiwa tupige ngoma zetu mahali pengine. Clotilde alimwita mdogo wake muuza pombe anayetetea vumbi. Numa alimwambia dada yake, "Wewe panda miti, sisi tutakuja kuiangalia tukiwa tumepanda basi la watalii." Maneno hayo yalisemwa mezani, Krismasi ile, mbele ya Baba, na Baba hakufungua mdomo, kila mtoto akadhani kimya kile ni chake.

Kumbe alikuwa anajisikiliza mwenyewe. Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, katika kikao cha wazi kuhusu daraja, ukumbi ukiwa umegawanyika kwa rangi, alisimama bila kuitwa, akashika kiti cha mbele, akasema, na haya ni maneno yake kama yalivyonakiliwa: "Mimi ndiye niliyekata mti wa mama yangu, kwa sababu nilitaka suruali. Na mimi ndiye niliyeandika nguzo ni nzima nayo ni tupu, kwa sababu nilitaka mama yangu abaki. Aristide, mwanangu, bega lako ni kazi ya mkono wangu, naomba radhi mbele ya hawa wote." Kijani wakapiga makofi, naye akawakemea, "Acheni! Nyinyi mnaopiga makofi, mmehesabu nani anapanga nyumba pale na atalala wapi? Hata ile miti ilikatwa na watu waliosema wanaleta maendeleo. Andikeni kwanza majina ya watu, ndipo mshike msumeno." Hapo njano nao wakaanza kushangilia, akawageukia, "Na nyinyi mnashangilia nini, zege likiwa tupu juu ya vichwa vya watoto wenu?" Mwenyekiti alimwuliza, "Mzee Rochon, basi uko upande gani?" Akajibu, "Upande wa mtu anayepita chini." Akatoka nje, na pande zote mbili zikamzomea. Numa hakuzomea, wala Clotilde, lakini hakuna aliyemfuata, na hilo ndilo linalowauma watoto wake leo kuliko jeneza lenyewe, kwamba Baba alitembea peke yake kutoka kwenye kikao hadi Ursulines, mzee wa miaka sabini na saba, huku watoto wake wakitazamana kila mmoja akingoja mwenzake ainuke kwanza.

Afya yake ilianza kudhoofika mwezi Novemba 2023, madaktari wakagundua vumbi la saruji la miaka mingi limemkausha mapafu. Alitibiwa hospitalini mara tatu, akaomba kurudi nyumbani, na Jumanne, tarehe 2 Aprili 2024, aliwaita watoto wake wote wawili kitandani, mara yao ya kwanza kukaa pamoja nyumbani kwake tangu ile Krismasi, akawagonga kila mmoja kifuani kwa kidole, akainamisha kichwa, akasema, "Bado wazima nyinyi, mnajifanya tu," kisha akawapa agizo litakalosomwa sasa hivi. Aliaga dunia Alhamisi, tarehe 11 Aprili 2024, saa kumi na moja alfajiri, magari ya kwanza yakianza kunguruma juu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Ursulines waliopika bila kuombwa, wakaguzi wenzake wa zamani waliokuja na helmeti zao, na chama chake. Shukrani za pekee ni kwa Bwana Aristide Glapion, ambaye baada ya kikao kile alikuja kila Jumatatu na bakuli la maharage mekundu, akakaa ukingoni mwa kitanda na kumwambia, "Mzee, bega langu limeshapona, wewe bado tu?" na ambaye leo ameomba kubeba jeneza, kwa bega lile lingine.

Wengi mmekuja kutazama tutampitisha wapi. Kijani mlitaka gari la jeneza likwepe daraja, njano mlitaka tuuachie mwili chini yake, yaani tuuage hapo na gari liende nao makaburini, bendi igeuze wimbo na watu wacheze kama ilivyo desturi, na kwa kuwa Alhamisi ijayo baraza la jiji linapiga kura kuhusu daraja, kila upande ungesema ukoo wa Rochon umeamua. Agizo la marehemu ni hili. Tupite chini ya daraja. Tukifika nguzo ya 32 bendi inyamaze kabisa, Numa, ambaye angependa nguzo iwe nzima, aigonge kwa nyundo ya baba yake, na Clotilde, ambaye angependa iwe tupu, asikilize. Waende nguzo ya 33, ambayo Baba aliimimina mwenyewe na aliapa kwamba ni nzima hadi leo, hapo Clotilde agonge na Numa asikilize. Watakachokisikia wakakiseme pamoja barazani siku ya Alhamisi, wamesimama bega kwa bega, hata kama kimewaudhi, kwa sababu, alisema, yeye mara mbili aliandika alichokitaka badala ya alichokisikia. Na kati ya nguzo hizo mbili, mahali kilipokuwa kisiki cha mwaloni wa mama yake, ndipo tumwachie.

Wabebaji, inukeni. Numa, njoo mbele, mdogo wangu, nyundo hii hapa, ni nzito kuliko inavyoonekana.

Pumzika, Baba. Kusikiliza tuachie sisi.